Mtoto Akitimiza Miaka 18, Je, Baba Amefunguliwa?



Katika mwezi wa nane, baada ya mafundisho ya jioni, mkatekumeni mmoja alibaki barazani wenzake walipokwenda zao. Ni mtu aliyepita miaka hamsini, mvuvi wa ziwa Tanganyika, mwenye mitumbwi miwili. Huu ni mwaka wake wa pili katika mafundisho. Hakosi siku, na Kanuni ya Imani aisali bila kukwama. Akaniambia kwa sauti ya chini: «Mwalimu, nakuomba unitazamie katika kitabu cha Ubatizo siku aliyozaliwa mwanangu.» Akanitajia jina la kijana.

Nilifurahi, nikidhani baba ataka kumfanyia mwanawe sikukuu. Kesho yake tulikwenda kwa Padri, kitabu kikafunguliwa, tarehe ikaonekana: kijana alikuwa ametimiza miaka 18 tangu mwezi wa sita. Baba akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. «Basi,» akasema, «nimemaliza.»

Habari yenyewe ni hii, naye ameniruhusu kuiandika pasipo kutaja jina lake. Zamani alikuwa na wake wawili. Miaka kumi iliyopita alitengana na yule wa pili. Ndoa yao ya kienyeji ilivunjwa mbele ya wazee, sehemu ya mahari ikarudishwa, na shauri likaandikwa. Mtoto alikuwa mdogo, akabaki na mama yake. Baba akaamriwa kutoa kila mwezi fedha za chakula, na kila mwaka minervali ya shule, mpaka mtoto awe mtu mzima. Mama akaingia katika Eklezya, akabatizwa yeye na mtoto wake. Siku hizi auza unga wa muhogo na mawese sokoni. Baba alitoa. Yafaa niseme kweli: mara alichelewa, mara alitoa nusu, lakini kwa muda wa miaka kumi alitoa. Kijana sasa yupo mwaka wa nne wa sekondari. Imebaki miaka miwili afike kwenye Mtihani wa Serikali.

«Mwalimu,» aliniuliza, «wewe watufundisha kulipa madeni kabla ya Ubatizo. Hili nalo limekwisha au halijakwisha? Nyumbani nina watoto wadogo watano. Samaki wamepungua. Sitaki kubatizwa huku nina neno la mtu juu yangu, lakini sitaki pia kulipa kitu nisichodaiwa.»

Nilimwomba siku nane nifikiri. Swali lake ni la mtu mwenye akili, tena ni la wengi. Hapa kwetu misioni, katika kila kundi la wakatekumeni, hakosi mmoja aliyewaacha watoto katika nyumba nyingine.

Tuanze na sheria ya nchi, maana ndiyo aliyoitegemea. Kitabu cha sheria za jamaa cha Kongo kilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, kikatengenezwa upya mwaka 2016. Kinasema kwamba asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Katiba ya mwaka 2006 nayo yasema vivyo hivyo. Kwa hiyo, aliyetimiza miaka 18 aweza kujifunga mwenyewe kwa mkataba, aweza kushtaki na kushtakiwa, na hasimamiwi tena na baba wala mama. Hayo ni kweli, na ni mema.

Lakini angalieni hesabu hiyo imetoka wapi. Eklezya yenyewe, katika kitabu chake cha sheria cha mwaka 1917, iliandika kwamba mtu huwa mzima akitimiza miaka 21. Katika kitabu kipya cha mwaka 1983 ikaandika 18. Je, mwaka ule vijana wa dunia yote walikua miaka mitatu kwa usiku mmoja? La, hasha. Musa alipohesabu watu jangwani, aliwaandika wanaume wawezao kwenda vitani kuanzia miaka 20. Bwana wetu Yezu Kristu alipokuwa na miaka 12 aliwajibu waalimu katika hekalu hata wakastaajabu. Hata hivyo alishuka Nazareti pamoja na wazee wake, akawatii, akala mezani kwao mpaka mkono wake ulipozoea kazi. Tarakimu hizi zimewekwa na watu wenye busara ili kila shauri lisianze upya. Ni kama kijiti kilichochomekwa mpakani mwa shamba: chafaa sana, lakini si chenyewe kinachootesha mahindi.

Tena sheria ya miaka 18 yahusu mamlaka: nani amsemee kijana, nani atie sahihi kwa ajili yake. Tumbo lake na masomo yake ni neno jingine. Sheria hiyohiyo ya jamaa, inapoeleza wajibu wa kulishana kati ya watu wa damu moja, mzazi na mtoto, haitazami umri peke yake; yatazama shida ya mwenye kuomba na uwezo wa mwenye kuombwa. Ndiyo maana mzee wa miaka sabini aweza kumdai mwanawe chakula. Katiba yasema wazi kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao, wala haikuandika kwamba wajibu huo wakoma mtoto akifika umri fulani. Basi, baba anayekata kamba upande wake siku ya kuzaliwa, je, atapenda mwanawe naye aikate upande wake siku atakapokuwa hana nguvu ya kuvuta wavu?

Sasa tuulize neno lililo chini zaidi: kwa nini baba adaiwa na mtoto hata kidogo? Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alilifikiri jambo hili katika kitabu alichokiandika kueleza ukweli wa imani mbele ya wasioamini. Hakuanza na Maandiko. Alianza na wanyama, ambao hata mpagani awaona. Alionyesha kwamba mbwa jike aweza kuwalea watoto wake peke yake, basi dume huenda zake. Lakini kwa ndege wengi jike peke yake hawezi. Yupo wa kulalia mayai na yupo wa kuleta chakula, na dume hukaa mpaka makinda yaweze kuruka. Mtoto wa mtu, asema, hahitaji chakula cha mwili tu kama kinda la ndege. Ahitaji kufundishwa rohoni, na mafundisho hayo hudumu miaka mingi, maana akili huchelewa kukomaa na tamaa za ujana ni kali. Ndiyo sababu mojawapo aliyoitoa ya kwamba mume asimwache mke.

Nimelipenda sana fikira hilo, kwa kuwa latuonyesha kipimo. Dume la ndege hahesabu siku, atazama mabawa. Kipimo cha deni la baba ni uwezo wa mtoto kusimama, kwa kadiri ya maisha ya mahali anapoishi. Zamani, kijana wa miaka 15 aliyejua kushona wavu, kuchonga kasia na kulima shamba lake alikuwa ameruka tayari. Siku hizi wengi tumewatoa watoto wetu katika njia ile na kuwatia katika njia ya shule, iliyo ndefu. Hesabuni pamoja nami: anayeanza akiwa na miaka 6 asoma miaka sita ya msingi na sita ya sekondari, jumla afikia 18 wakati uleule wa kupata diploma, kama hakupoteza hata mwaka mmoja. Lakini ni nani kwetu asiyepoteza mwaka? Mmoja aliugua, mwingine alifukuzwa kwa kukosa minervali, mwingine alikimbia vita na wazazi wake. Mimi nafundisha mwaka wa tatu wa msingi, na katika orodha yangu wapo wenye ndevu zinazochipuka. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali hayalipwi na wazazi, na hilo limewaleta darasani wengi waliokuwa wamechelewa. Sekondari bado yalipwa. Basi anayekata msaada siku ya miaka 18 mara nyingi humkata kijana katikati ya mto: ukingo aliotoka umekuwa mbali, na ule aendao hajaufikia.

Tena kijana huyu alichelewa shule kwa ajili ya nani? Nilipomwuliza baba, alinyamaza kidogo, akasema mwaka ule wa shauri mtoto hakusoma. Wazazi walikuwa wakigombana ni nani alipe.

Wengine watasema: «Hayo ni ya jamaa iliyo pamoja. Sisi tumeachana.» Ndugu zangu, waume na wake huachana, ingawa Bwana wetu hakupenda, lakini mtoto hakuachana na mtu. Hakuitwa barazani, hakurudishiwa mahari. Eklezya haikubali kwamba ndoa ya Kikristu iliyotimizwa yaweza kuvunjwa na watu, lakini yajua kwamba wapo wazazi waliotengana, na sheria yake, kanuni ya 1154, yaamuru kwamba wakitengana itazamwe sikuzote namna ifaayo ya kuwalisha na kuwalea watoto. Na ninyi mliokuwa na wake wengi, sikilizeni vema kanuni ya 1148. Hapo Eklezya yamruhusu mtu ambaye hajabatizwa, mwenye wake wengi, akipokea Ubatizo abaki na mmoja. Lakini yamwagiza Askofu aangalie kwamba wake wanaoachwa wapate mahitaji yao, kwa haki, kwa mapendo ya Kikristu na kwa usawa. Kama mama asitupwe, je, mtoto wake atupwe? Maji ya Ubatizo huondoa dhambi. Hayafuti jina la mtoto.

Nikamsomea yule baba habari ya Abrahamu na Hagari katika kitabu cha Mwanzo. Wengi wetu twaikumbuka picha ya mama na mtoto mchanga jangwani, lakini tukihesabu miaka iliyoandikwa tutaona neno jingine. Abrahamu alikuwa na miaka 86 alipozaliwa Ismaeli, na miaka 100 alipozaliwa Izaki; na Hagari alifukuzwa baada ya Izaki kuachishwa maziwa. Kwa hiyo Ismaeli alikuwa amepita miaka 14, labda amefika 16 au 17. Alikuwa kijana, karibu kama huyu wetu. Baba yake, mwenye makundi ya ng'ombe na kondoo, alimpa mama mkate na kiriba cha maji, akawaaga asubuhi. Maji yakaisha. Mama akakaa mbali ili asimwone mwanawe akifa. Ndipo Mungu akaisikia sauti ya kijana. Na jina la Ismaeli maana yake ni hiyohiyo, Mungu asikia.

Nisieleweke vibaya. Abrahamu alihuzunika sana, na hakumwacha aende mpaka Mungu mwenyewe alipomwahidi kwamba atamtunza kijana na kumfanya taifa. Sisi hatukupewa ahadi hiyo. Mtu akimwambia mwanawe leo, «Nenda, Mungu atakusaidia,» na mkononi mwake amempa kiriba kimoja, asijifananishe na Abrahamu. Na katika kitabu hichohicho tunasoma kwamba Abrahamu alipokufa, Izaki na Ismaeli walimzika pamoja. Baba huyu wa ziwani alinikatiza hapo. Akasema: «Mwalimu, kumbe alikuja kumzika?» Nikamwonyesha mstari. Akautazama muda mrefu, ingawa kusoma hajui.

Lipo jambo la desturi zetu ambalo haifai kulipita. Kwa Waluba na kwa Washi mtoto ni wa ukoo wa baba; kwa Watabwa wa pwani ya ziwa, ukoo wafuatwa kwa mama, na mjomba ana neno kubwa. Desturi hizo zote mbili zilikuwa na hekima yake, maana mtoto hakukosa mlango wa kugonga. Lakini mtu mwenye kutaka kukimbia hupata njia katika desturi yoyote. Mmoja asema: «Mtoto ni wa mjomba wake, mjomba amlipie.» Mwingine asema: «Mtoto ni wangu, arudi kwangu, na asiporudi sitoi kitu.» Kisha miaka yapita, binti aposwa, na baba aliyesema kazi yake imekwisha msichana alipotimiza miaka 18 awa wa kwanza kukaa kitini siku ya mahari. Jambo hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, nami sioni haya kuliita dhuluma. Kama ubaba umekwisha kwa kutoa, umekwishaje kuanza tena kwa kupokea?

Basi, je, deni hili halina mwisho kabisa? Lina mwisho, na ni dhuluma pia kusema halina. Mtume Paulo, aliyewaandikia Wakorinto kwamba wazazi ndio wapaswao kuweka akiba kwa ajili ya watoto, ndiye aliyewaandikia Watesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Kijana mwenye afya, aliyeacha shule kwa hiari, anayelala mpaka jua la saa nne na kushinda penye pombe na muziki, huyo ana mabawa na hataki kuruka. Baba akimnyima fedha hakumkosea. Wala fedha ya watoto wadogo watano haipaswi kulishwa uvivu wa mkubwa. Katika Evanjili ya Luka, yule baba mwenye wana wawili alimpa mdogo sehemu yake, naye akaenda nchi ya mbali. Hatusomi kwamba baba alimtumia fedha nyingine huko. Alipochunga nguruwe kwa njaa, baba hakuwa akimlisha. Lakini hatusomi pia kwamba alifunga mlango. Alikuwa akitazama njia. Kuacha kutoa ni kitu kimoja, kuacha kuwa baba ni kitu kingine, na mtu aweza kufanya la kwanza bila la pili.

Vilevile deni lakoma kijana apatapo kazi ya kumtosha, au binti aolewapo akawa na nyumba yake. Hapo imempasa mtoto mwenyewe aseme: «Baba, sasa yatosha.» Namjua msichana aliyepata kazi ya kushona, akaenda kwa baba yake kwa miguu yake mwenyewe kumwambia kwamba fedha ya mwezi ule awape wadogo zake wa nyumba nyingine, ambao hakuwa amewaona hata siku moja. Na mama aliyeficha kwamba mtoto ameacha shule, akaendelea kupokea minervali, amevunja Amri ya saba, arudishe. Nimesema hivyo ili akina mama wasidhani kwamba makala hii imeandikwa kwa akina baba peke yao.

Kwa mtoto asiyeweza kusimama kamwe, kipofu, au aliyelemaa, au mwenye akili iliyobaki ya kitoto, hakuna hesabu ya miaka. Huyo hana siku ya 18.

Siku nane zilipotimia yule baba alirudi, nikamjibu hivi. Shauri la wazee lilisema alipe mpaka mtoto awe mtu mzima. Kama wazee waliwaza miaka 18, basi fedha ile ya kila mwezi, aliyokuwa akimpa mama kwa amri, hadaiwi tena barazani. Hakuna mtu wa kumshtaki, na asiogope. Lakini kijana bado asoma, asoma vizuri, na hawezi kujilipia. Mbele ya Mungu amebakiwa na miaka miwili ya kumvusha mto, kwa kadiri ya uwezo wake, pasipo kuwanyima wadogo chakula. Kama hawezi yote, atoe nusu, na aseme wazi kwamba ni nusu. Kubwa kuliko yote, asikate kimyakimya. Aende amwone kijana, wakae chini, waongee kama watu wazima wawili, kwa kuwa ndivyo sheria inavyowaita sasa.

Hakupendezwa. Akasema: «Mama yake hunisema vibaya mbele ya mtoto. Je, nimlipe mtu anitukane?» Nikamwambia kwamba kijana akiwa mtu mzima aweza kupokea kwa mkono wake mwenyewe, na minervali yaweza kupelekwa moja kwa moja kwa mkuu wa shule, ndiyo faida ya miaka 18. Lakini asisahau kwamba chungu chapikwa na mama yuleyule. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya mapendo katika jamaa, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto kuwa mateka katika ugomvi wao, na tena asisikie mmoja akimsema mwenzake vibaya. Neno hilo nililipeleka pia kwa yule mama, siku ya soko. Alinitazama kwa jicho kali, akanipimia unga, hakujibu.

Bado lilikuwapo neno moja, na hili ndilo lililonisumbua mimi mwenyewe. Baba huyo alikuwa ameahidi kwamba kabla ya Ubatizo wake ataleta mabati kumi kwa ajili ya kikanisa chetu. Kikanisa chavuja, mimi ndiye niwekaye ndoo. Alipoona jibu langu, akasema: «Basi, Mwalimu, fedha ya mabati itatoka wapi?» Wapenzi wasomaji, nawaambia kweli, kwa kitambo nilitamani kunyamaza. Ndipo nikakumbuka jinsi Bwana wetu alivyowakemea Mafarisayo, waliomruhusu mtu kuwanyima baba na mama riziki yao kwa kusema kwamba ameiweka wakfu kwa Mungu. Bwana hakukubali sadaka iliyotoka kinywani mwa mzazi. Je, atakubali ile iliyotoka mfukoni mwa mtoto? Nikamwambia: «Baba, kijana kwanza. Mabati yatangoja.» Niliyasema haraka, kabla moyo wangu haujageuka.

Akaondoka bila kuaga. Mafundisho mawili hakuja, nami nikafikiri nimempoteza. Mara ya tatu alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Baada ya sala akanisubiri nje, akaniuliza shule ya sekondari yafunguliwa tarehe gani mwezi wa kenda, na kama mkuu wa shule hukubali minervali kwa mara mbili. Kisha akauliza neno ambalo sikulitazamia: mwanawe apenda kula nini? Nikamwambia kwamba mimi sijui, amwulize mwenyewe.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, tulihamisha viti vya mafundisho upande wa mlango, ambako hapavuji sana.